Juu ya Vito vya Kale Viuzwavyo Minadani katika Murungu

Mtu afikaye siku ya mnada katika vijiji vya Murungu, yaani katika sehemu za Kibondo na Kasulu, kwanza huona yale yaonwayo katika kila soko la bara: mbuzi waliofungwa kamba, maharagwe yaliyomwagwa juu ya turubai, dagaa wa Tanganyika, mihogo mikavu, na malundo ya nguo kuukuu zilizotoka Ulaya na Marekani. Lakini akienda pembeni kidogo, hata mahali akaapo mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'inia, ataona jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Katika gunia moja, pamoja na masufuria yaliyotoboka na rimu za baiskeli, pengine mna bangili ya shaba iliyovaliwa na mwanamke aliyekufa kabla ya vita vya 1914. Aliyeileta ameridhika, maana amepata fedha ya sabuni. Mnunuzi ameridhika, maana shaba ina bei kuliko chuma. Na wako watu wa tatu, nao ndio tutakaowasema hapa, wajao mnadani kwa kusudi la kuchungulia magunia hayo na kuvipata vya thamani kwa bei ya visivyo na thamani. Sisi wenyewe tumekuwa miongoni mwao.

Yafaa tuanze na maneno, kwa kuwa maneno yamehifadhi habari ambazo vitu vyenyewe vimepoteza. Leo mtu akisema mitumba, kila mtoto ajua kwamba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Lakini katika kamusi za zamani mtumba ni mzigo, hasa robota la nguo lililofungwa tayari kwa kuchukuliwa na mpagazi wa safari. Basi neno hili lilifika bara likiwa begani mwa mpagazi, nalo lilikuwa jina la nguo mpya, tena nguo iliyokuwa fedha ya nchi. Baadaye likashuka daraja likawa jina la nguo kuukuu. Mnada nao asili yake ni Kiarabu, ni kuita kwa sauti. Anadiye huita bei mbele za watu wote, kila mtu asikie. Maana hiyo tungependa msomaji aikumbuke, kwa kuwa biashara tunayoisimulia hufanyika kinyume cha jina lake: mwenye kujua bei hukaa kimya.

Sasa, ni vitu gani vipatikanavyo? Kwanza ni vitindi, yaani nyaya nene za shaba zilizosokotwa kama koili, zikazungushwa mkononi toka kifundo kuelekea kiwiko. Burton, aliyefika Ujiji pamoja na Speke mwezi wa Februari 1858, alivitaja vitindi miongoni mwa bidhaa za safari. Shaba ya manjano ilitoka pwani ikiwa nyaya, ikiitwa masango. Shaba nyekundu ilitoka upande wa pili wa ziwa, katika nchi ya Katanga, mahali ambapo wafuaji waliiyeyusha na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo, ambayo haikuhusiana na dini yetu, ilikuwa mali na fedha huko kwa karne nyingi. Makaburi yaliyofukuliwa Sanga, karibu na ziwa Kisale, tangu 1957, yalionyesha watu waliozikwa nayo. Kwa hiyo bangili moja ya mnadani yaweza kuwa imetoka Ulaya kwa merikebu, au yaweza kuwa imetoka Katanga kwa mtumbwi, na rangi yake ndiyo dalili ya kwanza.

Pili ni ushanga. Hapa twaomba ruhusa ya kukawia, maana ni habari yenye utamu. Safari za karne ya 19 zilibeba aina nyingi sana za ushanga, wengi wao kazi ya mafundi wa Venice, na kila aina ilikuwa na jina lake la Kiswahili. Ulikuwako ushanga mdogo wenye rangi nyekundu juu na nyeupe ndani, ulioitwa samesame. Burton aliandika kwamba uliitwa pia kivunja-mji, kwa sababu wanawake waliupenda hata miji ikavunjika. Mtu akiokota punje moja ya namna hiyo katika mavumbi ya mnada, na aitazame tunduni: akiona weupe chini ya wekundu, ameshika kivunja-mji chenyewe. Wako wakusanyaji katika nchi za ng'ambo walipao fedha nzuri kwa kamba moja ya ushanga huo, na mwanamke wa Kasulu auuzaye pamoja na kikapu chakavu hana habari.

Tena palikuwa na sofi. Cameron, aliyefika Ujiji mwaka wa 1874, aliwaona watu wakikaa sokoni na mifuko ya ushanga huo uliofanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Asubuhi waliwauzia wanunuzi sofi, ili wapate kununua. Soko lilipokwisha walizinunua tena kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Watu wa milimani, walioshuka Ujiji na vyakula na mbuzi, walikuwa lazima wapite mikononi mwa wavunja fedha hao. Leo sofi haina kazi ila shingoni mwa mtoto, au katika kabati la mkusanyaji.

Tatu ni kombe la koni, kile kisahani cheupe kilichokatwa katika kitako cha konokono wa Bahari ya Hindi. Warundi, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiha, hukiita ikirezi, na neno hilo limekuwa kwao jina la kito chochote cha thamani. Livingstone, alipokuwa kwa Shinte mwaka wa 1854, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, aliandika kwamba visahani viwili viliweza kununua mtumwa, na vitano vilihesabiwa kuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu iliyokuwa na thamani ya pauni 10. Wenye viwanda Ulaya walipoisikia bei hiyo hawakukawia. Wakatengeneza visahani vya kaure vya kuiga, na baadaye vya vitu vingine, wakavileta kwa maelfu. Ndiyo sababu bei ikaanguka, na ndiyo sababu mtafutaji wa leo hana budi kukigeuza kisahani na kutazama nyuma. Konokono wa kweli ana mviringo ujizungushao kama kamba iliyokunjwa, na mistari myembamba ya kukua kwake, isiyolingana upana. Cha kiwandani ni laini kote, au kina mviringo uliopigwa kwa chapa, sawasawa na wa ndugu zake wote.

Watu husema mara nyingi kwamba wazee wetu walidanganywa kwa sababu hawakujua thamani ya mali, wakatoa pembe wakapewa vigae. Sisi twaona kwamba neno hilo si la haki, na historia ya nchi hii hii yalikanusha. Stanley alipopita Buha mwezi wa Novemba 1871, akienda kumtafuta Livingstone, alikutana na mtawala aliyemwita Mionvu, naye akadai hongo ya doti 100. Msafiri yule, aliyekuwa na bunduki na haraka, alibishana naye kwa muda mrefu, akaishia kutoa nyingi mno kuliko alivyotaka. Na alipoambiwa kwamba mbele wako watawala wengine wenye kudai vilevile, aliona heri kuacha njia kuu na kupita porini usiku kimya kimya. Je, hao ndio watu wasiojua bei? Walijua bei ya nguo, ya njia, na ya haraka ya mgeni.

Ujinga ulikuja baadaye, na haukuja kwa upungufu wa akili. Ulikuja siku vipimo vilipobadilishwa. Wadachi walileta rupia na heller zao, na reli yao ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Mwaka wa 1916 Wabelgiji waliteka Kigoma na Tabora, wakakaa Buha hadi 1921. Kisha Waingereza wakaleta shilingi. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, vitu vilivyokuwa fedha vikawa mapambo tu, na mapambo yakawa mambo ya kikale ambayo kijana huyaonea haya. Nasi walimu wa misheni tusijitoe katika hesabu hiyo. Wengi wa waliotutangulia walihimiza watu kuvua vitu vya kale, pasipo kupambanua kilichokuwa hirizi na kilichokuwa bangili tu ya mke wa mtu. Vingine vilichomwa, na vingine vikapelekwa Ulaya katika masanduku, vikaonyeshwa na kikaratasi chenye jina la nchi bila jina la mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo kilichobaki ni mizani ya chakavu, ambayo hupima uzito tu. Wala jambo hili si la Murungu peke yake. Pwani, mahali ambapo tungedhani watu wamezoea zaidi thamani ya vito, fedha imepimwa hivyo hivyo tangu zamani. Masonara wa Unguja na Lamu waliyeyusha reale za Maria Theresa kufanyia vikuku na mikufu, na vikuku vilipopitwa na mtindo vikayeyushwa tena. (Mtafutaji asiyejua huisoma tarehe ya 1780 juu ya reale akafurahi, hajui kwamba mfalme huyo wa kike alifariki mwaka huo, na kwamba reale zake zimeendelea kupigwa na tarehe ile ile hata katika karne ya 20.) Milango ya nakshi nayo iling'olewa ikauzwa ng'ambo, mpaka sheria ikaingia kati. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yahesabu kuwa vya kale vitu vichukulikavyo vilivyofanywa na mikono ya watu kabla ya 1863, na yaihifadhi milango iliyochongwa kabla ya 1940. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Msomaji ataona kwamba kitindi cha bibi aliyekufa juzi hakimo katika hesabu hiyo ya miaka.

Juu ya sarafu hatutasema mengi, maana habari zake zimejaa uongo. Iko sarafu moja ya kweli itafutwayo sana, nayo ni ile ya dhahabu ya rupia 15, iliyopigwa katika karakana ya reli ya Tabora mwaka wa 1916, Wadachi walipokuwa wamezingirwa na kukosa fedha. Upande mmoja ina tai, upande wa pili ndovu mbele ya milima. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, na zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000. Mkusanyaji hutoa maelfu ya dola kwa moja. Lakini kwa ajili ya hiyo moja wametokea matapeli mia, wasemao kwamba rupia yoyote ya fedha ina nguvu za siri na bei ya mamilioni, ilhali ni gramu 11 na ziada ya fedha, na wanunuzi wake hulipa kwa kadiri hiyo. Wapo pia wachimbao usiku mahali palipokuwa na kambi za Wadachi, wakitafuta masanduku yaliyofukiwa. Ujinga wa namna hii hauna kabila: mwezi wa Aprili 2009 huko Saudia watu walinunua mashine kuukuu za kushonea za Singer kwa fedha nyingi mno, kwa uvumi tu kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu.

Jambo moja la huku kwetu ni gumu zaidi kulisema. Murungu ni nchi ya mpakani, na kwa miaka mingi imepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ilifunguliwa mwaka wa 1996. Ile ya Mtabila ilifungwa mwaka wa 2012. Mtu akimbiaye kwake huchukua mtoto, sufuria, na kile kidogo kinachoweza kufungwa katika pindo la nguo. Na hicho kidogo aghalabu ni kito. Basi siku ya njaa hukifungua pindo. Mnunuzi asimamaye mbele yake husema amepata bahati, na kwa hesabu ya soko ni kweli. Lakini hapo muuzaji anaijua thamani kabisa, pengine kuliko mnunuzi. Asichokuwa nacho ni muda wa kungoja. Tumewasikia wenzetu, watu wema, wakisimulia ununuzi wa namna hiyo mezani kama habari ya kuchekesha. Kununua kwa mtu asiyejua, na kununua kwa mtu asiyeweza kukataa, si mambo mamoja, ingawa bei yaweza kuwa ile ile.

Na sasa tueleze kosa letu wenyewe. Wakati mmoja wa kiangazi tulipita mnadani, tukaona katika gunia la chakavu kitindi cha shaba nyekundu, kizima, cheusi kwa moshi. Tuliuliza bei kwa sauti ya mtu asiyetaka sana. Mnunuzi wa chakavu alikipima, akataja bei ya uzito, akaongeza kidogo kwa ajili ya taabu yake. Tukalipa, tukaondoka upesi asije akabadili nia. Nyumbani tulikisugua kwa majivu na ndimu, kikang'aa. Tukakiweka juu ya kabati la vitabu, na kwa miezi kadhaa kila mgeni alisimuliwa jinsi tulivyokipata. Habari ilikuwa yetu yote. Ya kitindi chenyewe hatukuwa nayo hata neno moja, wala hatukumwuliza yule mtu wa mizani amekipata kwa nani.

Baadaye, tukitaka kujua majina ya sehemu zake kwa Kiha, tulikichukua kwa bibi mmoja wa kijiji cha jirani, aliyesifiwa kwa kujua mambo ya zamani. Alikipokea kwa mikono miwili kama ilivyo desturi. Hakukitazama sana, alipitisha kidole upande wa ndani, pole pole, hata kidole kikafika mahali ambapo koili moja ilikuwa imekatika na kuunganishwa kwa uzi mwembamba wa chuma. Hapo kidole kikakaa. Sisi tulikuwa tumeona kiungo kile, tukakihesabu kuwa ila.

Akasema, "Wanangu, hiki kilikuwa katika kibuyu juu ya dari yangu."

Mjukuu wake, kijana wa shule, alikuwa amekaa mlangoni, naye akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwuliza neno. Alikuwa amekiuza pamoja na sufuria bovu, akidhani ni waya tu.

Tulitaka kukiacha pale pale na kuaga, kwa aibu. Bibi hakukubali. Akauliza tulikitoa kwa kiasi gani, tukamwambia. Akafikiri, akamwita mtoto, akaamuru tupimiwe maharagwe ya bei hiyo, wala asipunguze. Tulipokataa alituambia kwamba alichotaka ni kitindi kirudi nyumbani kwa njia ya haki, kama kilivyotoka kwa njia isiyo ya haki. Basi tukayapokea maharagwe.

Ndipo akatusimulia, nasi tukaandika katika daftari mpaka jua likashuka. Kitindi kilikuwa cha mama yake. Baba yake alikileta kutoka Ujiji pamoja na mwenzake, viwili vilivyofanana, kimoja kwa kila mkono, badala ya mbuzi alioteremka nao. Akataja idadi ya mbuzi na rangi ya yule wa mwisho, aliyekuwa mgumu kuuzika. Kiungo cha chuma kilitiwa na mhunzi siku mama alipoteleza mtoni akiwa na mimba ya bibi huyu. Alitutajia jina la mhunzi, na kilima alichokaa, na sababu ya kutumia chuma badala ya shaba: shaba haikupatikana mwaka ule, kwa ajili ya vita. Mambo haya yote yalikuwa ndani ya kitindi tulipokuwa tukikisugua kwa ndimu.

Mjukuu alikuwa amesogea kutoka mlangoni, akakaa mkekani karibu nasi. Akauliza cha pili kiko wapi. Bibi akasema kilitolewa katika mwaka wa njaa, yeye akiwa msichana, kwa debe moja la mtama. Kijana akauliza kilitolewa kwa nani. Bibi akakitaja kijiji, ng'ambo ya mto, na ukoo wa watu wale, akasema yadhaniwa wako hata sasa. Na yule kijana akatuomba kalamu.